Nakala Iliyochakaa

Fundi wa kompyuta aliwasihi tena wenzake kikaoni. Nakala ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, waliyoitoa bure, na ambayo watu huitumia kuwasha seva mpya kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, ilikuwa na mwaka mzima haijaguswa, na wezi wa mtandaoni walishayajua matundu yake ya usalama.

“Tupange kuitoa upya kila mwezi,” alisema.

“Nani ataijaribu?” kiongozi alimjibu. “Wote tunajitolea, dada. Tusubiri toleo lijalo.”

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mdogo wake, muuguzi wa zahanati.

“Dada, seva tuliyowasha asubuhi kwa nakala yenu imeingiliwa. Mafaili ya wagonjwa hayafunguki. Yatarudi?”

Fundi aliifuta ile nakala mtandaoni mbele ya kikao kizima bila kuomba ruhusa, akaanza kuunda nyingine. Akamwambia mdogo wake, aliyekuwa bado simuni, aizime seva ile, na kwamba mafaili huenda yasirudi.