Kubonyeza Eksi Si Kutoka

Watu saba, kompyuta tatu za wote. Ndiyo ofisi yenyewe ya kuchora ramani za majengo, na usiniulize nani aliyepiga hesabu hiyo. Kiti hakipoi pale: huyu akiinuka kwenda kujaza chai, mwingine keshakaa. Na kwa kuwa mashine zile zikizimwa huchukua robo saa nzima kuamka, hakuna anayezima kitu. Ukimaliza kazi yako unabonyeza eksi kule pembeni, dirisha linapotea machoni, unaenda zako ukijiona mstaarabu. Kumbe programu haijaenda popote. Imejibanza palepale, na akaunti yako iko wazi ndani yake.

Dada Rula naye alikuwa miongoni mwa hao wabonyeza eksi, na kwa hilo tumseme kabla hatujawasema wenzake. Mwanamke wa kunyoosha mistari, hana makuu, hana maneno. Ijumaa fundi wa saiti alimtumia vipimo kwa simu, naye akaiunganisha programu ya ujumbe ya simu yake na kompyuta namba mbili, akavichora, akabonyeza eksi, akarudi nyumbani kwa baba yake.

Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji katika ofisi hiyohiyo kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya waliomo aliwafundisha yeye kushika penseli. Enzi zake shati halikutoka nyumbani bila pasi. Sasa akili inakuja na kwenda, haja zote anamalizia kitandani, na ubavuni ana kidonda cha kulala muda mrefu. Mchana shangazi mtu mzima hukaa naye, lakini kumgeuza hana nguvu, kwa hiyo Dada Rula hukimbia nyumbani kila saa sita kumgeuza na kurudi kazini jasho likimtoka. Siku moja akili ilipomrudia, mzee alimshika binti yake mkono akamwambia, "Mwanangu, mengine yote sawa. Lakini wale wa ofisini wasijue." Akamwahidi. Tangu hapo, ofisini akiulizwa hali ya mzee, jibu lilikuwa moja: miguu tu, uzee.

Aliyeambiwa ukweli alikuwa kaka yake, muuguzi katika mji wa mbali. Kila jioni Dada Rula alipiga picha kile kidonda akamtumia, kaka akamwelekeza namna ya kukisafisha. Na humohumo kwenye ujumbe ndimo alimolia, maana pengine pa kulia hakuwa napo.

Jumatatu asubuhi aliingia akawakuta wanne wameizunguka namba mbili, vikombe mkononi, wanacheka kile kicheko cha puani. Walipomwona wakatawanyika kama inzi waliopungiwa kitambaa. Aliyebaki kitini ni mmoja tu, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Dada Rula," akasema, "hivi nepi za watu wazima wanauza kwa pakiti au hata moja moja?"

Dada Rula akaangalia kioo. Picha ya jana ilikuwa pale, imekijaza kioo kizima: ubavu wa baba yake, nyama nyekundu, nepi imeshushwa. Kuna mtu alikuwa ameikuza. Jamani! Mtu mzima na akili zake anakaa, anashika kipanya, anakuza kidonda cha mzee aliyemfundisha kazi, huku anatafuna mkate! Na makombo yalikuwa bado kwenye kibodi.

"Nani kafungua?"

"Kafungua nini? Ilikuwa wazi," Redio akasema. "Kwani mimi nimevunja mlango wa mtu? Nimebonyeza, ikaja yenyewe. Umeiacha mwenyewe, usitafute mchawi."

"Mlango wa choo ukisahauliwa wazi na mzee yumo ndani, wewe unaurudisha au unawaita wenzako?"

Redio akaanza kufuta makombo kwenye kibodi. Wale wengine wakajifanya wanatafuta vitu kwenye droo. Hao ndio waliomtia kinyaa zaidi, kwa sababu kila Ijumaa jioni walimwambia "tusalimie mzee." Na yeye mwenyewe akajiona mchafu. Ahadi aliyompa baba yake ilikuwa imevunjwa na kidole chake, kidole kilichoona uvivu kubonyeza mara mbili zaidi.

Kelele zikamtoa Mkuu ofisini kwake. Mkuu wa sasa ndiye ambaye mzee alimpenda kuliko wanafunzi wake wote, hakumwita kwa jina, alimwita "kijana wangu." Tai shingoni, manukato, sauti ya msibani. Alipoelezwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Aibu," akawaambia. "Aibu tupu. Kuanzia leo, ukitumia kompyuta ya wote, toka kabisa kwenye akaunti yako, usifunge dirisha tu. Mashine ikikuuliza kama ikukumbuke, ikatalie. Na ukikuta ya mwenzako iko wazi, mtolee bila kusoma. Mzee yule ni baba wa ofisi hii. Mtu kafika mahali anamwita bintiye kwa jina la marehemu mkewe, nyinyi mnacheka?"

Maneno matamu. Hata Redio aliinamisha kichwa. Dada Rula alikuwa ameshaanza kushukuru, shukrani ikamkwama.

Jina la mama? Habari hiyo aliiandika mara moja tu, kwa kaka yake, miezi minne iliyopita. Na namba mbili ilikuwa imevuta ujumbe wa wiki moja, basi. Hawa wa kicheko cha puani wasingeiona hata wangetaka.

Akatoa simu, akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Viwili. Cha kwanza, kompyuta namba mbili, tangu Ijumaa. Cha pili, kompyuta ya ofisini kwa Mkuu, tangu miezi mitano nyuma. Akaikumbuka siku yenyewe: printa ya chumba kikubwa ilikuwa imeharibika, Mkuu akamkaribisha kwa roho safi achapishe fomu ya likizo kwake. Alichapisha, akabonyeza eksi, akasema asante sana. Na mara ya mwisho kutumika? Leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kama kinafunga tai. Redio alichungulia mara moja kwa ujinga wake. Huyu alikuwa akifungua kila asubuhi kama gazeti, anasoma kinyesi na machozi ya watu, kisha anatoka nje kusalimia. Dada Rula akamwonyesha Mkuu kioo cha simu, halafu mbele ya macho yake akaviondoa vifaa vyote viwili.

"Nilikuwa namjali tu mzee," Mkuu akasema, sauti imeshuka. "Nilitaka kujua anaendeleaje."

"Na ukajua."

"Dada yangu, tuingie ndani tuongee."

"Hapahapa. Ulijua namgeuza peke yangu mpaka mgongo unanikatika. Niliandika. Ulijua anakataa kula. Niliandika." Sauti yake haikupanda. "Na zile jioni alizokuwa akilia anakuulizia wewe, 'kijana wangu mbona haji,' na mimi namdanganya uko safarini. Hizo nazo ulisoma?"

Mkuu akavitazama viatu vyake.

"Nilisoma," akasema.

Dada Rula akasonya, akachukua mkoba wake, akaenda kumgeuza baba yake.