Sauti Zilizokwama kwa Mfumaji

"Kwani siku hizi mumeo anaongea kwa sikio?"

Jirani aliuliza hivyo akiwa dirishani, ndoo mkononi. Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, naye hakuwahi kukasirika. Mke wa mfumaji alikuwa anachambua mchele. Alijibu bila kuinua macho.

"La kushoto tu. La kulia bado limenyamaza."

Mama Redio akaitua ndoo, akaingia, akavuta kigoda.

Mfumaji alikuwa kwenye kiti chake anakata kucha. Katika sikio lake la kushoto ulisikika mfuniko wa sufuria, maji yakimiminwa, kisha sauti ya mwanamke kijana: "Chai yako hiyo, inapoa." Ilikuwa sauti ya mkewe, ya miaka ishirini na miwili nyuma. Mfumaji hakuisikia. Alikuwa amefika kidole gumba.

"Mwenzangu, ulikuwa na sauti nyororo," Mama Redio alisema. "Imekwenda wapi?"

"Imeishia kwake."

Mfumaji alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha nguo, mashine namba tisa, katika ukumbi wa mashine sitini. Mle ndani watu walisemezana kwa midomo na vidole. Kwanza zilimpotea sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, binti yao aliyekuwa ndio kwanza anaanza kusema. Sauti nene za wanaume zilibaki naye miaka michache, kisha nazo zikaaga.

Sikio lilipoanza kutoa sauti, mke alimpeleka zahanati. Muuguzi alimulika kwa tochi, akasikiliza kidogo, akaeleza. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejisokota kama nyumba ya konokono, na humo kuna vinywele vidogo vimesimama kama majani. Sauti ikiingia huvitikisa, navyo hupeleka habari kwenye ubongo. Kelele zikivikanyaga miaka mingi hulala, na vikilala haviamki tena.

"Kwa hiyo sauti zilikuwa zinabisha hodi, hazifunguliwi," muuguzi alisema. "Sasa zimechoka kusubiri. Asilalie upande huo, basi."

Zilitoka kila siku saa kumi alasiri, kwa mpangilio uleule zilivyoingia. Siku nyingine ulitoka ukumbi wa mashine, na mke alifunga madirisha kwa heshima ya majirani. Siku nyingine ilitoka nyumba. Binti yao, ambaye sasa anaishi mbali pamoja na wanawe, alihesabu hadi ishirini na kila mara akairuka kumi na nne.

"Leo nimetoa nini?" mfumaji aliuliza.

Mke alikaa mbele yake, akasema polepole ili midomo isomeke. "Binti anahesabu. Ameruka kumi na nne tena."

Mfumaji alicheka mpaka akajifuta macho. "Ana sauti gani?"

Mke alifikiri sana. "Kama kijiko kwenye glasi."

Mfumaji akaitikia kwa kichwa. Kijiko kwenye glasi alikuwa anakikumbuka.

Yalitoka pia maneno ambayo mke aliyasema zamani akiwa jikoni, akidhani yameangukia sakafuni: gogo wewe, jiwe la kusagia wewe. Mama Redio akamshauri asimwambie. Lakini mke alimcha Mungu, akamwambia.

"Nilikuona mdomo," mfumaji alisema.

Kitu kimoja tu kilimkera mfumaji. Siku moja uzi ulijifunga kwenye namba tisa, msimamizi akaamuru izimwe, naye mfumaji hakumsikia, hakuizima. Jora zima likachanika. Daktari wa kiwanda alimsimamisha ofisini, akaenda nyuma yake, akaangusha kitabu kikubwa. Mfumaji akageuka. Aligeuka kwa sababu mbao za sakafu ziliambia nyayo zake, kama mfumaji yeyote anavyojua kwa nyayo kwamba mashine imekosea hatua. Kwenye faili likaandikwa: anasikia vizuri. Chini yake: amefukuzwa kwa ukaidi. Yeye, ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alitaka neno lile lifutwe kabla hajafa. Hakutaka kingine.

Mke alihesabu. Kutokana na mitihani ya binti na habari za redio zilizopita sikioni, alijua siku ile ya uzi imekaribia zamu yake. Alikwenda kiwandani mara tatu kuomba mtu aje asikilize. Mara ya tatu wakakubali kumtuma karani.

Karani alifika Alhamisi, faili kwapani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa, karibu na sikio."

Saa kumi kelele ya ukumbi ikaanza. Vikombe vilitembea mezani mpaka ukingoni, mke akavidaka. Chokaa ya dari ilidondokea magotini kwa karani. Mama Redio, dirishani, alijiziba masikio kwa ncha za khanga. Ilichukua dakika saba, ikakatika.

"Umesikia?" mke aliuliza.

"Mashine, mama. Nimezisikia mpaka kwenye meno."

"Na msimamizi? Ameita mara tatu. Namba tisa, zima. Namba tisa, zima. Ya tatu ametukana."

Wiki kadhaa za kuusikiliza ukumbi ule zilikuwa zimemfundisha mke kumwokota mtu katikati ya chuma. Karani hakuwa na wiki hizo.

"Mimi sijasikia mtu," alisema.

"Masikio yako mazima?"

"Nimepimwa mwaka huu."

"Basi na wewe uandikwe mkaidi."

Mama Redio akacheka, kisha akaacha. Karani alifungua faili, akatoa kalamu, akatafuta mahali pa kuandika.

"Nimeelewa, mama. Wallahi nimeelewa. Lakini fomu ina nafasi ya daktari na nafasi ya msimamizi. Nafasi ya sikio haina."

"Neno lenyewe si hilo hapo? Kalamu si unayo?"

"Ninayo."

Aliishikilia juu ya neno mpaka wino ukaacha kitone pembeni. Mfumaji, aliyekuwa akitazama mdomo huu na ule, alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akauliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia maneno yake mwenyewe:

"Limefutwa?"

Karani alirudisha kifuniko cha kalamu. Akafunga faili kwa kamba yake, neno likiwa ndani vilevile, akapangusa chokaa magotini, akasimama. Mfumaji alimkazia macho mdomoni mpaka mlangoni, asije akapitwa na jibu. Karani akatoka, faili kwapani.