Nani Alipaka Mawese

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: kamtu kadogo hakana miguu, kana shingo tu. Ukikakamata shingo ukakageuza, kanahama chumba na kuanza kusema lugha nyingine. Ni nani? Usinijibu kasuku, kasuku ana miguu. Fikiri polepole, jibu utalikuta mezani kwa Constantin, kule Kadutu.

Kwenye kadi ya Chama tawala aliandikwa Cirhuza, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa. Lakini mkewe Colombe na mama yake, mzee Eulalie, walimwita Constantin nyumbani kama zamani. Alikuwa amefagia maabara ya Lwiro miaka mingi, na mzungu mmoja aliporudi kwao alimwachia vipande vya redio, vya kuunga mwenyewe. Constantin akaviunga kwa chuma alichokipasha moto kwenye makaa, akavipanga ndani ya debe tupu la mafuta ya kula. Mbele ya debe akatoboa tundu, akatokeza buto ya kuzungusha, yaani kifungo cha kuchagua mawimbi. Ukiigeuza mara moja, Kinshasa inasema. Mara ya pili, Bujumbura. Ndiyo hiyo shingo niliyokuuliza.

Jumamosi moja mchana buto ilikataa. Ilizunguka vizuri, laini, lakini hakuna chumba kilichosema, kunakoroma tu kama mgonjwa. Constantin akabadilisha mawe ya redio, yaani betri. Bado. Akakaza waya wa paani. Bado.

"Nani alichezea buto yangu?" akauliza.

"Miye ile debe sigusake," Colombe akasema. "Naogopa inipige umeme."

Mzee Eulalie alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

Hapo ndipo Colombe alipohisi mwanga wa chumba umepungua. Akageuka. Serja mmoja, sajini wa jeshi, alikuwa amesimama ndani tayari, na askari wawili nyuma yake. Mlango wao haukuwa na kelele hata kidogo, maana Eulalie alikuwa na desturi ya kupaka mawese bawaba, kufuli, hata magoti yake mwenyewe.

Siku hizo ilisemwa kwamba waasi wameshuka hadi karibu na Sange, na askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta fonia, ile redio ya kusemeshana na watu walio mbali. Serja aliona debe, akaona waya unaopanda paani. Hakuuliza. Kitako cha bunduki kilimpata Constantin kwenye shavu, meno mawili yakaanguka katika maharagwe ya mama yake.

"Sitwaye," akasema, yaani mwananchi, "uko nasemesha nani na iyi fonia?"

"Hapana fonia, chef, mukubwa wangu. Iko redio ya kusikiliza tu."

"Ya kusikiliza. Basi tusikilize."

Constantin akageuza buto. Kukoroma. Akageuza tena. Kukoroma.

"Inasikiliza nani, bazimu mu makaburi?" Askari mrefu akacheka, akampiga teke mbavuni, na alipoanguka akampiga tena. Kisha wakamvuta mkono juu ya meza. Serja akachukua jiwe la kusagia pilipili la Colombe, akaliinua, akalishusha juu ya vidole. Colombe alisikia vikivunjika kama kuni mbichi. Constantin hakulia, alitoa sauti ya chini tu, na mkojo ukateremka katika suruali yake.

Serja akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, akawasha sigara, akatoa mfukoni kichupa cha kanyanga, pombe kali ya kienyeji, akanywa.

"Sikia, Maman. Nikimaliza iyi sigara, kama redio haijaimba Kinshasa, bwana yako anapanda na siye kambini. Unajua benye wanapandaka kule."

Colombe alijua. Mume wa jirani yao Françoise alipanda mwezi uliopita. Kilichorudi ni viatu.

Akapiga magoti mbele ya debe. Yeye kazi yake ilikuwa kusuka nywele za watu. Ndani ya redio hakujua kitu. Constantin, shavu sakafuni, akamwambia kwa mdomo uliojaa damu, "Usigeuze. Sukuma ile buto kando, na kidole gumba."

Akasukuma. Sauti ya mtu ikatokea, neno moja, ikapotea.

"Umesikia? Basi redio iko nzima. Ni buto ndo haigusi. Fungua nyuma. Utaona sahani ndogo na vijino vya shaba."

Colombe akafungua debe. Vijino havikung'aa. Vilikuwa vimefunikwa utando mwekundu, umenata vumbi na masizi, na sisimizi wamekufa ndani yake.

"Iko kitu chekundu," akasema. "Kama mawese."

Constantin akafumba macho. "Nani alitia mawese mu buto?"

Maharagwe yalikuwa yameacha kuchambuliwa. Askari mrefu akamkanyaga vile vidole vilivyovunjika, na safari hii Constantin akalia kama mtoto.

"Unauliza nani maulizo? Hapa ni siye tunaulizaka."

"Muache aniambie, Papa, sigara inaisha," Colombe akamwambia askari. "Constantin. Nifanye nini?"

"Kanyanga," akasema. "Inakataka mafuta."

Colombe akamgeukia serja, akanyoosha mkono. "Chef, naomba kanyanga yako kidogo."

Wale wawili wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Serja alimtazama, moshi ukimtoka puani, kisha akammiminia kidogo katika kifuniko cha kichupa, nyingine ikaenda sakafuni. Colombe akafunga kitambaa kwenye ncha ya sindano yake ya kusukia, akakichovya, akasugua kijino kimoja, kingine, kingine. Utando ukatoka na sisimizi wake. Akasukasuka shina la buto, na safari hii likalia ta, ta, ta. Sigara ilikuwa imebaki kichungi tu.

Akageuza mara moja. Kinshasa ikaimba, kwaya nzima ikisifu Chama.

Serja akasikiliza mpaka mwisho. "Pigeni makofi," akasema, na Colombe na mzee Eulalie wakapiga makofi, na Constantin akapiga kiganja kimoja sakafuni. Serja akaligeuza debe, akatafuta mahali pa kusemea, hakupata.

"Kweli, haina mudomo. Tika ye," akawaambia wenzake kwa Kilingala, nao wakamwachia. Kisha akainua bunduki akalipiga debe kwa kitako, akalipiga tena, mpaka vipande vya Lwiro vikatawanyika chini ya kitanda. "Hata masikio yanaletaka matata," akasema, akapita mlangoni, na mlango ukajifunga bila kelele.

Colombe akachana kitenge chake, akaanza kuvifunga vile vidole. Constantin alikuwa anatazama ile buto, imeviringika hadi miguuni pa mama yake.

"Nani alitia mawese, Colombe? Nambie tu. Sitakasirika."

Mzee Eulalie akainama, akaiokota, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ni miye, mutoto yangu. Kila ukiigeuza ilikuwa inalia ta, ta, ta, na batu mu njia banasimama kusikiliza. Nikaogopa basoda, hawa benye bunduki, watakuja. Nikaipaka mawese, inyamaze."