Kinywa Kinachofaa

Arvil alilala siku mbili garini, nje ya uwanja wa maonyesho ya mifugo, mpaka akapata namba: mia mbili na kumi na mbili. Mara moja kwa mwaka madaktari wa kujitolea walipanda milimani huku Virginia Magharibi, wakapanga viti ndani ya mabanda ya ng'ombe na kung'oa meno bure kuanzia alfajiri hadi mikono ife ganzi. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamejifunika blanketi. Hakuna aliyezungumza sana. Kuzungumza kulikuwa kunauma.

"Mia mbili na tatu! Mia mbili na nne!"

Twila alimkuta amejifunga taya kwa taulo la jikoni, fundo utosini. Huyu ndiye mjomba aliyemchukua akiwa na miaka tisa, siku ileile walipomzika mama yake, akamlea kwa mshahara wa mgodini.

"Mjomba, toka kwenye foleni."

"Twila, nimelala hapa siku mbili. Nimekojoa kwenye chupa."

"Najua."

"Unajua, halafu unaniambia nitoke."

"Mtihani ni Ijumaa. Wakiling'oa hilo jino, na wakakukwangua huo ukoga, mimi sina mtihani."

Mwanamke aliyesimama nyuma yao, mwenye meno mawili na sauti ya kuwatosha wote, aliangua kicheko. "Mzee, mpwa wako anakulilia ukoga! Kama anaununua, aje na kwangu, ninao wa kilo."

Twila hakucheka. Katika jimbo lile hupewi leseni ya kusafisha meno mpaka umsafishe mtu aliye hai mbele ya watahini, na kinywa unakitafuta mwenyewe. Wala si kinywa chochote tu. Kiwe na ukoga uliogeuka jiwe chini ya ufizi, mahali kumi na pawili, uonekane kwenye eksirei. Kiwe kichafu vya kutosha, ila kisiwe kinaumwa. Alikuwa ametafuta tangu Januari. Wenye bima walikuwa na vinywa safi mno, na wasio na bima hawakuwa tena na meno. Arvil peke yake ndiye aliyekuwa katikati: ukoga wa miaka sitini na sita, meno yote ya chini bado yamesimama, na moja, upande wa kulia, lilianza kuoza wiki tatu zilizopita.

"Hebu nipigie tena hiyo hesabu," alisema Arvil.

"Deni la chuo ni dola elfu ishirini na nne na mia sita. Dukani wananilipa nane na senti arobaini kwa saa. Wasafisha meno wanalipwa ishirini na tisa. Kwa saa, mjomba. Saa moja."

"Na ukikosa hiyo leseni?"

"Shahada bila leseni hainiruhusu kugusa hata jino la mbwa. Na Novemba wanaanza kukata. Mia mbili themanini na moja kila mwezi, miaka kumi."

Arvil alihesabu kwa vidole, akafika mahali akaacha. Huku milimani watu wanazikumbuka hesabu za namna hiyo. Enzi za bibi yake Twila, kampuni ya makaa ilikata senti kwenye kila mshahara kwa ajili ya daktari wa meno aliyekuja siku moja kwa mwaka na koleo moja. Bibi aling'olewa meno yote akiwa na miaka kumi na saba, zawadi ya harusi, ili mume asije akagharamika baadaye.

"Miaka arobaini nawachimbia watu makaa yao," alisema Arvil, "kumbe mali ilikuwa kinywani." Akajaribu kucheka, akashika shavu. Kisha akabandua namba kifuani, akajikokota mpaka mwisho wa foleni, akampa mzee mwenzake aliyekuwa na mia tano na kitu. Hakumwambia kwa nini.

Jumatatu shavu lilikuwa limejaa. Twila alimpa maji ya chumvi, aspirini, na wiski ya kushikilia kwenye jino. Kadi ya wazee ya serikali ilimlipia Arvil mapafu, moyo na magoti. Meno haikuyatambua kuwa ni sehemu ya mwili. Jirani alikuwa na vidonge vinne vya antibayotiki vilivyobaki tangu mwaka juzi. Alivitoa vyote.

Jumatano Twila alimpigia simu mwalimu wake, Bi Pruitt.

"Amevimba?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kuonekana, au kidogo cha kujua wewe tu?"

Twila alimtazama Arvil kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye jokofu, apate baridi.

"Cha kujua mimi tu."

"Basi hiyo simu hukunipigia."

"Bi Pruitt, nimpeleke hospitali?"

"Ukimpeleka, unaye mwingine?"

Twila akaurudisha mlango wa jikoni taratibu.

"Mwanangu, sheria sikuitunga mimi," alisema Bi Pruitt, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kulisema neno hilo mara nyingi. "Mkande kwa barafu."

Akamkanda.

Ijumaa asubuhi waliendesha gari kwa muda wa saa mbili hadi chuoni. Arvil alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Mate yalimtoka, hakuweza kuyameza, akawa anayafuta kwa mkono wa shati na kuomba radhi kila mara, kana kwamba gari ni la mtu mwingine.

Watahini walitoka mji wa mbali. Hawakutaka kujua majina. Twila alikuwa Kumi na Nne. Mwanamke mwenye barakoa alimpima Arvil homa, akampima presha, akaingiza kioo kidogo kinywani na kukitoa papo hapo.

"Huyu hakubaliki."

"Ukoga anao, mama. Mahali kumi na tisa. Tazama eksirei."

"Sijasema hana. Nasema tumguse vipi katika hali hii? Ni kwa usalama wake mwenyewe."

Arvil aliinua mkono kitini. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza uji mdomoni. "Nisafishe tu, binti yangu. Sitapiga kelele."

"Kumi na Nne, una dakika thelathini kuleta mwingine."

"Na ile ada? Mia tisa na hamsini?"

"Hairudishwi." Alikuwa tayari anamwita Kumi na Tano.

Koridoni alikaa mwanamume mmoja, mikono kifuani. Huyo alikuwa kinywa cha akiba cha Brenna, mtahiniwa mwenzake Twila na binti wa daktari wa meno, aliyekodi watu wawili endapo wa kwanza atakataliwa. Wa kwanza alikuwa amekubaliwa.

"Kaka, Brenna hakuhitaji tena," alisema Twila. "Njoo na mimi, nakuomba."

"Unatoa ngapi?"

"Nina arobaini na tatu."

"Yeye alinipa mia tano nikae tu hapa."

"Nitakulipa nikipata kazi. Naapa."

Alimtazama kwa huruma, kweli kwa huruma. "Dada, nyumbani umeme wamekata tangu Jumatatu. Nitawalipa kwa kiapo chako?" Akaendelea kukaa. Huenda angetokea mwingine, mwenye fedha, ambaye mgonjwa wake amekataliwa.

Hospitalini daktari kijana alibonyeza shingo ya Arvil, iliyokuwa ngumu kama ubao, akaita watu wakakimbia na kitanda. Usaha ulikuwa umeshuka kutoka kwenye jino hadi chini ya ulimi, na kutoka hapo hadi kifuani.

"Lilianza lini?"

"Wiki ya nne hii."

"Wiki ya nne! Kwa nini hakuja mapema?"

Twila alikuwa bado amevaa vazi lake la mtihani, la buluu, limepigwa pasi. Daktari alilitazama vazi, akamtazama usoni, akaacha kuuliza.

Arvil alikufa Jumapili mchana. Kwenye cheti waliandika maambukizi ya damu. Neno jino halikuwamo.

Walimzika Jumatano. Asubuhi hiyo barua ilikuwa imefika: mtihani mwingine tarehe tisa Agosti, kujiandikisha kunafungwa baada ya siku kumi, ada ni ileile. Kutoka makaburini watu walishuka kula katika ukumbi wa chini ya kanisa, maharage na mkate wa mahindi, paja la nguruwe, saladi ya viazi katika bakuli za plastiki zilizoandikwa majina ya wenyewe. Waliozoea kuzungumza na Twila walizungumza na sahani zao.

Denzil, mdogo wake Arvil, ndiye aliyemfuata kwenye kona. Alikuwa na miaka sitini. Kofia aliishika mkononi.

"Nasikia kaka alikuwa na kinywa kizuri. Kwa kazi yenu hiyo."

"Alikuwa nacho, mjomba."

"Mimi na yeye tumbo moja." Alitazama nyuma. Mkewe alimpa ishara ya kidevu, aendelee. "Sijasafishwa tangu nizaliwe, Twila. Na mgodi umefungwa, unajua. Sisi hatutaki mia tano. Chochote utakachokuwa nacho."

"Mjomba Denzil, tumemzika leo."

"Ndiyo maana nasema leo. Siku kumi si nyingi."

Twila alisimama. Angeweza kwenda kwenye gari. Angeweza kupiga ukelele mle ndani, na pengine wangemsaidia kupiga. Aliweka sahani juu ya piano, akapangusa vidole kwa kitambaa cha karatasi, kimoja kimoja.

"Sogea dirishani," alisema. "Fungua kinywa. Zaidi."

Denzil akafungua. Twila akahesabu kimoyomoyo mahali penye ukoga, upande wa kushoto, chini, hadi nyuma: tano, sita, saba. Akavuka kwenda kulia. Nane, tisa. Alipofika kwenye gego la mwisho akabonyeza ufizi kwa ncha ya kidole.

"Panauma?"

Denzil alitikisa kichwa kukataa. Mikono yake ilikuwa imeibana kofia mpaka ikakunjika, na machozi yalikuwa yanamshuka shavuni hadi kwenye kifundo cha mkono wa Twila, nao Twila hakuuondoa.