Folda Kumi na Moja za Mwadini

Mwadini alikuwa bingwa, kwa maneno yake mwenyewe. Ofisini kwake mtaa wa Granville, huku ughaibuni, juu ya duka la vitambaa, alitengeneza tovuti, na kila akipata mteja mpya alinakili folda ya mteja wa zamani, akabadilisha jina na rangi, basi. Folda zilifika kumi na moja: "mpya", "mpya kabisa", "ya mwisho", "ya mwisho usiguse". Bingwa, ati!

Muna, mdogo wake aliyefanya kazi naye, alimsihi mwaka mzima: msimbo, yale maagizo ya kompyuta yanayotumika kila mahali, uwekwe pamoja, tovuti zote zichote hapo, kosa likirekebishwa mara moja liwe limekwisha kote. Mwadini alicheka. Alisema yeye anaandika misimbo tangu Muna ananyonya kidole. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kipande cha msimbo chenye balaa alikiandika kwa ajili ya jumuiya ya Waswahili, maana bibi zetu wa darsa hawazitaki saa za Kizungu. Kilipunguza saa sita: 7:00 ikasomeka 1:00. Huko kilifaa. Kikanakiliwa hadi kwa mchinjaji wa Kilebanoni, duka la kufunguliwa 9:00 likaandikwa 3:00. Mwadini akarekebisha folda ya mchinjaji, hiyo tu. Muna alipouliza zilizobaki, akaambiwa aache kiherehere.

Kisha Dévote, Mrundi mwenye kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, akaagiza tovuti ya zamu. Mwadini akamnakilia folda ya jumuiya. Na miongoni mwa wazee wa Dévote alikuwamo mama yao Mwadini na Muna, Bimkubwa wa mtaa wa Lidcombe, ambaye asiponyanyuliwa hatoki kitandani. Zamu yake 7:00 asubuhi.

Siku ya kwanza mhudumu alisoma 1:00 kwenye simu, akaihesabu Kizungu, akaja saa saba mchana. Alimkuta bibi wa watu amelowa, hajaonja hata chai, simu imemwangukia mvunguni. Muna alilia kwa hasira.

Jioni Mwadini alipiga magoti kando ya kitanda, akasema tovuti ya Dévote ameshaitengeneza.

"Na zilizobaki?" Muna akauliza.

Bingwa akatazama zulia. Bimkubwa akamgeukia mwanawe.

"Kesho Muna atakaa kwenye kiti chako," alisema. "Wewe uje hapa unipikie chai. Saa moja. Ya Kiswahili."

Alifika saa moja kasorobo.