Mzizi wa Malale

Jumatano, tarehe 15 Oktoba 1997, saa tatu asubuhi, mawingu yalikuwa mazito juu ya Usevya na mvua haikunyesha. Evarist, mtafiti na mzaliwa wa kijiji hicho, alibandika karatasi yake kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Karatasi ilionyesha mti wa ukoo wa vimelea vya malale. Maabara ilikuwa imesoma vinasaba vya vimelea kutoka kwa mifugo ya kijiji, ikamtumia herufi za vinasaba hivyo kwenye disketi. Juma lililotangulia, huko Majengo mjini Mpanda, kompyuta ilizilinganisha herufi hizo, ikachora matawi, kisha ikamuuliza mzizi, yaani chanzo cha ugonjwa, uwekwe wapi. Evarist aliandika: ng'ombe wa Manyanda, mfugaji Msukuma aliyehamia kijijini. Hakuna kipimo kilichomwelekeza hivyo. Kijiji kizima kilisema malale yaliletwa na Wasukuma, naye alikuwa anawahi basi.

Josephat, mtendaji wa kijiji, aligonga meza. "Kompyuta haina kabila. Manyanda, unahama lini?"

"Nilikuja na ng'ombe wazima," alisema Manyanda. "Mbuzi za mama yake huyu mtaalamu zilikuwa zinakonda kabla sijafika."

"Sasa mbuzi nazo zikatoe ushahidi?" alisema mjumbe mmoja. Benchi zima likacheka.

Ndipo mti ulipotoa mzizi. Ulichomoza chini ya karatasi, mnene kama mpini wa jembe, ukateremka ukutani. Wajumbe waliinua miguu upite. Ulimpita Manyanda bila kumgusa, ukatoka mlangoni, ukavuka barabara, ukaingia katika zizi la Theopista, mama yake Evarist, ambako ugonjwa ulianzia.

"Evarist!" Theopista aliita kutoka zizini. "Njoo uondoe mti wako, mbuzi wanajikwaa!"

Mtendaji aliagiza mlango uachwe wazi, kwa kuwa haukufungika tena. "Mtaalamu, ripoti inabaki ilivyo?"

Evarist alisogea mezani. Alitazama sakafu.

"Inabaki."

"Mwanangu," Manyanda alisema kwa upole, "umeukanyaga mzizi."

Josephat aligonga muhuri. Theopista alifunga mbuzi wake kwenye mzizi, maana ulikuwa imara kuliko kigingi. Manyanda alihama Ijumaa na ng'ombe wake wote, akiwaruhusu ndama watangulie. Evarist alirudi Majengo, akawasha kompyuta. Ilimuuliza tena mzizi uwekwe wapi. Aliizima.