Stevia ya Mzee Rugamba

Tangu aambiwe ana kisukari, Rugamba hakugusa sukari tena. Nyuma ya nyumba yake katika mtaa wa Nyakabanda alipanda stevia, akawa anaanika majani yake na kuyasaga ili kutia utamu kwenye chai. Mengine alimpelekea Sharif, Mtanzania wa Kigoma mwenye mkahawa jirani, kwa wateja waliokatazwa sukari kama yeye.

Kisha binti yake Kaliza, aliyeishi Kicukiro, upande mwingine wa mji, akajenga ghorofa ya kupangisha kando ya bustani ile, ili baba yake asihangaike uzeeni. Kivuli cha ghorofa kikailalia stevia karibu mchana kutwa. Mimea ikarefuka, majani yakawa mapana na laini.

“Baba, naona stevia imempenda jirani yake mpya, hii ghorofa,” Kaliza alisema kwa furaha.

Rugamba alitabasamu tu. Alikuwa ameshayaonja majani hayo, na siku hizi alitia vijiko viwili pale kilipotosha kimoja. Angemwambiaje mtoto aliyejinyima kwa ajili yake?

Aliyesema ni Sharif. Alikuja Jumapili moja, Kaliza akiwepo.

“Shikamoo, mzee. Usinielewe vibaya. Wateja wanasema chai inanukia majani tu, utamu hakuna.”

Kaliza alimgeukia baba yake. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungefanya nini? Ungebomoa?”

Kaliza alichuma jani, akalitafuna. Kisha akainua macho. “Kule juu ya ghorofa ni zege tupu, na jua linapiga kutwa. Tuihamishie huko.”

“Na goti langu hili?”

“Utakaa chini, uniagize.”

Wakaipanda kwenye madumu yaliyokatwa, Kaliza akayapandisha. Siku za mwanzo majani yaliyozoea kivuli yaliungua kingo, naye akaanza kukata tamaa. Rugamba alimwambia atande chandarua chakavu juu yake, awe anakifunua kidogo kidogo hadi mimea ilizoee jua.

Majani mapya yalitoka madogo na magumu. Kaliza alimshushia baba yake machache, akiona haya.

“Ndiyo haya tu, Baba.”

Rugamba aliweka moja ulimini. Utamu ulimjaa kinywani.

“Haya ndiyo yenyewe,” alisema. “Mpelekee Sharif aonje.”

Sharif alionja, akamwagiza Kaliza asimpelekee tena yale mapana.

Zamani Kaliza alikuja Nyakabanda Jumapili tu. Sasa, siku za jua kali, hupitia kwa baba yake asubuhi kabla ya kwenda kazini, akapanda na ndoo ya maji. Rugamba huvuta kigoda chini ya ngazi. Huanza kwa kuuliza kama udongo umekauka, kisha humuuliza habari za kazi, za watoto, na kama amekula. Kaliza hujibu kutoka juu, na mara nyingi maji yanakwisha ndooni kabla maneno hayajaisha.